Tufundisheni kuzitumikisha simu tulizonazo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako huusoma kila unapotoka, na karibu kila mara hukutana na simu mpya: kamera yake, betri yake, bei yake. Sina ugomvi na habari hizo, ila naomba nafasi itengwe pia kwa jambo ambalo wengi wetu hatujaelezwa vizuri kwa Kiswahili, nalo ni namna ya kuiagiza simu uliyokwisha kuinunua ifanye yenyewe kazi ndogondogo zinazojirudia kila siku.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa wateja huniuliza bei ya kushona gauni la kitenge, siku za kusubiri na kiasi cha kutanguliza, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiandika majibu yaleyale kwa dole gumba huku mkono wa pili umeshikilia kitambaa. Sasa nimeyahifadhi katika WhatsApp Business, programu isiyolipiwa ambayo inakubali majibu ya haraka hadi 50. Nikiweka alama ya mkwaju (/) na neno "gauni", maelezo yote hujitokeza, nami huyapitia kwanza ndipo nikayatuma. Kamusi binafsi ya kibodi ya Gboard nayo hugeuza herufi tatu kuwa sentensi nzima.

Kwa kazi nyingine zinazojirudia, wenye iPhone wanayo programu ya Shortcuts tangu 2018, na wenye Android wanaweza kupakua MacroDroid. Kanuni ya programu hizi ni nyepesi: unataja tukio, kisha unataja tendo litakalofuata, kwa mfano ikifika saa fulani simu inyamaze.

Hapo kwenye saa ndipo penye kasheshe. Mwanagenzi wangu alitaka simu yake inyamaze kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, akaandika 4:00 hadi 11:00. Simu ikamtii: ikawa inanyamaza kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tano asubuhi, wakati ambao wateja ndio wanapiga, naye kwa siku kadhaa akadhani mtandao ni mbovu. Alipaswa kuandika 22:00 na 05:00. Maelekezo yaliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine hayamwonyi mtu juu ya kosa hilo, kwa kuwa aliyeyaandika hahesabu saa kama sisi.

Mimi mwenyewe nilikosea kwingine. Dada yangu alinipigia usiku mara tatu mama alipougua, simu ikakaa kimya kama nilivyoiagiza. Kumbe upo mpangilio unaoruhusu namba za jamaa wachache zilie, na mwingine unaomruhusu anayepiga tena ndani ya dakika chache. Sikuwa nimeuwasha hata mmoja.

Mwandishi atakayepewa kazi hii asisahau pia kuwaonya wasomaji kwamba kuhifadhi namba ya menyu ya huduma za fedha ni sawa, lakini namba ya siri isiandikwe ndani ya njia ya mkato yoyote, yaani jibu au agizo lililohifadhiwa, hata kama simu haitoki mkononi. Robo ukurasa kwa wiki ingetosha, mradi kila saa itajwe mara mbili: kama tunavyoitamka, na kama simu inavyoiandika.

Wako,
Fundi cherehani,
Morogoro