Mwanangu, hiyo mashine ya vyombo usiitupe kwanza

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Chake sote wazima, alhamdulillah. Nimesoma habari za hiyo mashine ya kuoshea vyombo mliyoikuta kwenye nyumba ya Mbweni: taa zinawaka, inanguruma kidogo, kisha inajizima, na siku inapofanya kazi gilasi zinatoka na ukungu mweupe. Fundi kakwambia bodi, ule ubao wa umeme unaoiongoza mashine, imekufa. Pengine kweli, lakini bodi hukaguliwa mwisho, maana ndiyo ghali kuliko vyote na mara nyingi haina kosa. Wewe anza na maji.

Kule kunguruma ni valvu, kile kilango cha kuingizia maji, imefunguka inasubiri maji. Yasipofika kwa muda uliopangwa, mashine inakata tamaa. Nyumba yenu inatumia tangi la juu ya paa, na nyingi ya mashine hizi zinataka presha isiyopungua baa 0.5. Kila mita 10 za kimo hutoa baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mashine linatoa baa 0.3 tu. Fungua mpira wa kuingizia maji, uweke ndoo, uachie mfereji wote kwa dakika moja. Zisipotimia lita 10, hapo pana tatizo. Kabla ya kununua pampu ndogo ya kuongeza presha, tazama kichujio cha wavu pale mpira unapoingia kwenye valvu. Kivute kwa koleo, ukioshe mchanga na kutu za bomba.

Maji yakiwepo na bado hayaingii, chomoa plagi ukutani (usitegemee swichi ya mashine) upime koili ya valvu, ule waya uliozungushwa ndani yake, kwa mita ya umeme. Ikisoma kiloohmu 3 hadi 5 ni nzima. Isiposoma kitu imekatika, nunua nyingine.

Ukisikia pampu ya kutolea maji inazunguka bila kukoma hata kabla hujaanza kuosha, usihangaike na mambo ya juu. Maji yamevuja kwenye sinia la chini, boya la povu limenyanyuka na kubonyeza swichi ya usalama. Fungua ubao wa chini mbele, kausha kwa kitambaa, kisha tafuta yanakotoka: mpira wa mlango, sili ya pampu (mpira wa kuzuia uvujaji), au bomba lililotafunwa na panya. Ukikausha bila kuziba uvujaji, kesho utarudi pale pale.

Maji yakigoma kutoka, toa chujio la chini uingize mkono kwenye shimo la pampu, taratibu, maana vipande vya gilasi hukaa humo. Utakuta kokwa za tende, miba ya samaki, vijiti vya mishikaki. Zungusha panga la pampu kwa kidole: likienda kwa kukwama-kwama ndivyo lilivyo, ni sumaku iliyo ndani. Likizunguka jepesi kama halikushikwa na kitu, limevunjika. Na mpira wa kutolea maji uupandishe kama sentimita 50 kutoka sakafuni kabla haujaingia kwenye bomba la taka, la sivyo maji machafu yatarudi ndani.

Mota ya kuoshea ikivuma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kile kikopo cha kuweka chaji kinachoisaidia mota kuanza. Mashine za zamani huwa na ya mikrofaradi 3 au 4. Nunua yenye namba ile ile iliyoandikwa ubavuni, wala usiishike miguu kabla ya kuitoa chaji, hata kama plagi imechomolewa.

Sasa huo ukungu mweupe. Maji ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa. Chokaa hiyo inaziba vitundu vya mikono ya kurushia maji na inaivisha hita koti, joto likakosa pa kutokea mpaka hita inaungua. Zibua vitundu kwa waya mwembamba. Kisha mashine ikiwa tupu, bila sabuni, mimina gramu 150 za asidi ya sitriki uendeshe programu ya joto kubwa kabisa. Usichanganye na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, gesi yake inaua. Siki nayo hufanya kazi, ila ikizoeleka inakula mipira.

Halafu tangi la chumvi la kifaa cha kulainisha maji, lile lenye kifuniko cha kuzungusha chini ndani. Likiwa tupu, kazi yote ya sitriki ni bure. Lijaze chumvi maalumu ya mashine, chengachenga kubwa. Najua utataka kutumia chumvi yetu ya huku Pemba. Usitumie. Ina mchanga, tena ina magnesiamu na kalisi, ndivyo hasa vitu ambavyo kile kifaa kimewekwa kuvizuia.

Hita ipime mwenyewe: ohm 25 hadi 30 kati ya miguu yake miwili. Kati ya mguu na bati mita isisome chochote. Ikisoma, ndiyo inayokuangushia swichi kuu.

Hayo yote yakiwa sawa ndipo ufungue bodi. Upepo wa bahari unaotesha kutu kwenye vituo vya nyaya: chomoa, piga msasa, bana kwa koleo, rudisha. Tazama nyuma ya relei ya hita, ile swichi ndogo ya kwenye bodi inayowasha hita. Risasi ya kulehemu ikiwa na duara jeusi au ufa, ichomelewe upya. Huko si kununua bodi.

Umeme ukipanda na kushuka, weka kifaa cha kuilinda mashine, lakini kile cha friji cha ampea 5 hakitoshi. Hita peke yake inakula karibu ampea 9.

Nipigie picha kibandiko kilichopo ukingoni mwa mlango, chenye modeli na namba zote, nikuangalizie valvu na sili.

Wasalaam,
Mamaako