Mbwa anaharisha, anapona, anaharisha tena

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, mama mmoja wa Uyole alishuka kwenye bajaji mbele ya kliniki yetu na mbwa wake, Tomi. Ni German Shepherd wa miaka mitatu, mrefu, lakini mbavu zake ungezihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, hata kukaa hakukaa. "Dokta, huyu tangu Krismasi ni kuharisha tu. Nikimpa flajili anapona. Nikiacha, wiki mbili hazifiki, karudi palepale."

Nikamuuliza flajili amempa mara ngapi. Akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha.

Maelezo kama hayo tunayasikia mara kwa mara, na kila mara tunaeleza upya huku foleni nje inanung'unika. Leo nimeona niyaandike.

Mbwa kuharisha siku mbili baada ya kula mzoga jalalani ni kawaida, na mara nyingi kunakwisha kwenyewe. Kukifika wiki tatu, au kukawa kunakwenda na kurudi, hapo tunashuku ugonjwa sugu wa utumbo, na hapo ndipo dawa ya kukisia inapoanza kuharibu. (Kama ni mtoto wa mbwa, hana chanjo, anatapika na kuharisha damu, acha kusoma. Huenda ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoua haraka. Mlete sasa hivi.)

Ndani ya utumbo wa mbwa kuna bakteria wengi kupita kuhesabika, na wengi wao ni wapangaji wanaolipa kodi. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo mbwa mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, na katika kazi hiyo wanatoa asidi ambazo seli za utumbo mpana zinazitumia kama chakula. Yupo mmoja ninayempenda kuliko wote, anaitwa Clostridium hiranonis (siku hizi wataalamu wanamwita Peptacetobacter hiranonis). Ini la mbwa linatengeneza asidi za nyongo na kuzimwaga utumboni. Bakteria huyu anazibadilisha ziwe za aina nyingine, na hizo zilizobadilishwa zinawazuia bakteria wakorofi, kama E. koli, wasijae. Mbwa wengi wenye ugonjwa sugu wa utumbo wamepungukiwa na bakteria huyu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walitoa kipimo kinachohesabu makundi saba ya bakteria kwenye choo cha mbwa ili kujua kama uwiano umevurugika, naye ni mmoja wa hao saba. Kipimo hicho kliniki kwetu hatuna, lakini kilichojulikana kwa kukitumia kimebadilisha namna tunavyotibu.

Kati ya bakteria hao na damu ya mbwa kuna ukuta wa seli wenye safu moja tu, umepakwa ute. Nyuma ya ukuta huo imepiga kambi sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili. Sasa fikiria mbwa mzuri wa ulinzi. Anawajua watoto wa nyumbani, anamjua muuza maziwa, anambwekea mgeni tu. Kinga ya utumbo inatakiwa iwe hivyo: iwavumilie wapangaji, ikivumilie chakula, na iwe kali ikimwona adui. Kwenye ugonjwa huu kinga inambwekea kila apitaye. Ukuta unavimba, unaanza kuvuja, bakteria wanausogelea zaidi kuliko wanavyopaswa, kinga inazidi kuwaka, na uvimbe wenyewe unageuza mazingira yawafae wale wakorofi. Nani alianza? Kwa mbwa mmoja mmoja ni vigumu kusema. Urithi upo, chakula kipo, bakteria wapo, na vyote vinasukumana.

Urithi nautaja kwa sababu hapa mjini kila mwenye geti anataka German Shepherd. Mwaka 2010 watafiti wa London walionyesha kwamba German Shepherd wenye uvimbe wa utumbo wana tofauti kwenye jeni za vipokezi viwili ambavyo kinga hutumia kuwatambua bakteria. Kimoja kati ya hivyo, TLR5, kazi yake ni kuutambua mkia ambao bakteria huogelea nao. Kwa hiyo kuna mbwa ambaye mlinzi wake wa ndani amezaliwa mkali kupita kiasi. Si kosa la mwenye mbwa.

Turudi kwenye flajili, yaani antibayotiki iitwayo metronidazoli. Mama yule hakukosea alichokiona: choo kilikuwa kinashikamana siku ya tatu au ya nne. Tatizo ni kwamba dawa hiyo haichagui. Inawapiga wakorofi na inawafuta wapangaji wazuri pamoja nao, Clostridium hiranonis akiwamo. Hata mbwa wazima kabisa waliopewa metronidazoli kwa wiki mbili, wiki nne baada ya kuiacha bakteria wao walikuwa bado hawajarudi sawasawa. Sasa mhesabie Tomi, aliyekuwa anapewa dozi mpya kabla majeraha ya ile ya kwanza hayajapona. Yapo magonjwa machache ya utumbo yanayohitaji antibayotiki kweli, kama ule wa utumbo mpana unaowapata Boxer, ambapo E. koli wanaingia ndani ya ukuta wenyewe. Lakini hiyo inathibitishwa kwanza, hainunuliwi dukani kwa kusikia.

Kwa Tomi tulianza na choo, sampuli tatu za siku tofauti, maana giardia, kijidudu cha utumboni, ana tabia ya kujificha: leo hayupo, keshokutwa yupo. Hatukuona kitu, na bado tulimpa dawa ya minyoo ya siku tano, kwa kuwa minyoo mjeledi nayo hutaga mayai kwa kubahatisha. Tukatoa damu, tukatazama protini iitwayo albumini. Ikishuka sana, maji yanatoka kwenye mishipa, tumbo au miguu inavimba, na mbwa wa hivyo hana wiki mbili za kusubiri majaribio. Ya Tomi ilikuwa chini kidogo tu. German Shepherd aliyekonda huku anakula kama moto unaokula nyasi humfanya daktari afikirie pia kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha vya kusaga chakula, lakini Tomi hamu yake ilikuwa ndogo na choo chake hakikuwa na mafuta.

Kisha tukafika kwenye chakula, na hapa mama aliniangalia kama namtania. Zaidi ya nusu ya mbwa wenye tatizo hili wanapata nafuu kwa kubadilishiwa chakula peke yake, bila dawa nyingine, na wengi wao wanaonyesha dalili za nafuu ndani ya wiki mbili. Tomi alikuwa anakula ugali na usipa tangu aachishwe ziwa, na Jumapili mabaki ya nyama ya ng'ombe. Tulimtafutia kitu ambacho kinga yake haijawahi kukiona: nyama ya sungura na viazi mviringo. Viazi huku kwetu si shida, ukipanda Uporoto unavipata kwa gunia. Vinamenywa, vinachemshwa viive vizuri, nyama inachemshwa, bila chumvi, bila viungo, na bila kitunguu hata kipande, kwa sababu kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Ipo pia pelete, chakula kikavu cha dukani, iliyotengenezwa kwa protini iliyokatwakatwa ndogo kiasi kwamba kinga haiitambui, lakini bei yake wateja wetu wengi wakisikia wanacheka kwanza.

Angalizo: sungura na viazi ni mlo wa majaribio. Hauna kalisiamu ya kutosha wala virutubisho vingine, kwa hiyo usiuendeleze miezi bila kutuuliza, na mbwa anayekua usimpe kabisa kabla hatujaupangia.

Siku ya tisa mama alipiga simu kusema choo kimeshikamana. Siku ya kumi na mbili akapiga tena: kimerudi maji. Tukaulizana nyumba nzima, ikagundulika mlinzi wa usiku alimwonea huruma Tomi, akamgawia usipa wake. Nilimwambia mama asimgombeze, ametufanyia kipimo bure. Tukaanza upya, safari hii mlinzi akiwa ameelezwa.

Wateja wanauliza sana kuhusu maziwa mgando. Bakteria wa maziwa mgando si wale waliopotea utumboni, na protini ya maziwa inavuruga jaribio la chakula. Acheni kwa muda. Wengine wamesikia habari za kupandikiza kinyesi cha mbwa mzima kwenye utumbo wa mgonjwa, wanadhani ni uzushi. Ni kweli, inafanyika, na baadhi ya mbwa wanapata nafuu. Sisi hatuifanyi kwa sababu mbwa anayetoa kinyesi lazima apimwe magonjwa mengi kuliko tunavyoweza hapa.

Chakula kikishindikana, mara nyingi tukiwa tumejaribu aina mbili, ndipo tunazungumza juu ya predinisoloni, ya kuituliza kinga yenyewe. Naomba msiianze nyumbani. Saratani ya limfu utumboni inafanana sana na ugonjwa huu, na predinisoloni inaificha, halafu kipande cha utumbo kikipimwa baadaye jibu linatoka la uongo.

Mkija, leteni choo cha asubuhi ileile, kijiko kimoja kinatosha, kwenye chombo safi chenye mfuniko, kisichokokotwa pamoja na udongo wa uani maana udongo una viminyoo vyake. Andikeni pia kila anachokula mbwa kwa siku tatu, pamoja na anachopewa na watoto, jirani na mlinzi. Na kama mnapanda daladala, chombo kifungwe kwenye mifuko miwili. Mwezi uliopita kuna kijana alishushwa njiani na kondakta, akatufikia kwa miguu, choo kikiwa salama.