Mtoto wa Serikali Mbili: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Wazazi wenzangu, walezi, walimu na wageni wetu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mmetafuta mtu wa kubaki na mtoto ndipo mkaweza kufika, na wengine mmekuja naye. Akilia, mwacheni alie. Mkutano huu ni wake.

Mwaka jana mlinituma nilifuatilie swali moja. Nasari za serikali ziko karibu nasi na madarasa mapya yanajengwa; mbona mtoto wetu mwenye ulemavu hapati nafasi humo? Mimi na katibu tumezunguka nalo mwaka mzima, na taarifa yangu karibu yote ni jibu lake.

Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Elimu ya chekechea ilipewa serikali za kaunti. Elimu maalum ilibaki kwa serikali ya kitaifa, pamoja na shule za msingi na za upili. Kwa hivyo mtoto wa miaka 4 asiye na ulemavu ana mwenyewe, ni wa kaunti. Mtoto wa miaka 10 mwenye ulemavu naye ana mwenyewe, ni wa taifa. Mtoto wa miaka 4 mwenye ulemavu, kwenye karatasi, ni wa wote wawili, na tulipobisha hodi kila ofisi ilituelekeza kwa mwenzake. Si kwamba tulikutana na watu wabaya. Afisa mmoja alitufungulia kitabu cha bajeti akatuonyesha mafungu: ujenzi wa madarasa, uji wa watoto, mishahara ya walimu. La mtoto mwenye ulemavu halikuwamo, na yeye hana ruhusa ya kutumia pesa kwa kazi ambayo hazikuandikiwa.

Kwa walimu ni hivyo hivyo. Wa chekechea huajiriwa na kaunti. Aliyesomea elimu maalum, kama yuko kwenye ajira ya serikali, huwa chini ya TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, na TSC haipangi walimu nasari. Hata vituo vya kuwapima watoto wetu, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, viko chini ya Wizara ya Elimu. Mama anampeleka mwanawe, anapimwa vizuri, anaandikiwa kwamba aanze shule mapema, kisha anatoka na karatasi ile mkononi asijue aipeleke wapi.

Nitasema na la kwangu, kwa kuwa wengi mmelipitia. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Nasari ya kwanza niliyompeleka niliambiwa nimrudishe nyumbani mpaka ajue kwenda choo mwenyewe. Mwalimu alikuwa na watoto wengi peke yake, bila msaidizi, na choo kilikuwa cha shimo, hakina pa kushika. Nilikasirika sana siku ile. Leo naona kwamba mwalimu yule naye alikuwa ameachiwa mzigo usio na fungu. Lakini mwanangu alikaa nyumbani mwaka mzima, na mwaka katika umri ule haurudi: viungo vinakaza, na maneno ambayo angeyaokota kwa wenzake hakuyaokota.

Kuhusu pesa, tusichanganye mambo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ana mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kutoka serikali ya kitaifa. Mtoto wa chekechea hayumo katika mgao huo. Anategemea kaunti yake itakavyoamua. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia familia kwa pesa, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kutunzwa saa 24. Wanachama wetu wanaozipata wanashukuru, nami nashukuru pamoja nao. Ila ukimbeba mtoto kwa tuktuk mara mbili kwa wiki kwenda mazoezi ya viungo, pesa hizo haziufikishi mwezi, na daftari hujanunua, wala nepi. Mtoto mwenye usonji au asiyesikia mara nyingi hahesabiwi kuwa na ulemavu mkubwa, basi mzazi wake hana hata hizo. Na viti vya magurudumu: kama mtoto amepewa kiti cha mtu mzima, msikipokee kwa shukrani mkanyamaza. Kiti kisichomtosha humpinda mgongo. Njooni kwetu tuwasaidie kuandika ombi upya.

Tumewahesabu watoto sisi wenyewe, wadi kwa wadi, kwa sababu Sensa ya 2019 ilihesabu ulemavu kuanzia umri wa miaka 5 na chekechea huanza miaka 4. Afisa anapouliza "wako wangapi?", hesabu ya taifa haimjibu. Daftari letu liko mezani. Majina hayatoki nje ya kamati.

Sasa kosa letu, nami kama mwenyekiti nalibeba. Tulipeleka maoni yetu kwenye kikao cha bajeti mwezi wa Mei. Tulisikilizwa, tukapigiwa makofi, na hakuna lililoingia. Baadaye tulielezwa kwamba kufikia Mei viwango vimeshapangwa: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Tulifika sahani zikiwa zimeoshwa. Safari hii tunaanza na Septemba.

Tutaomba mambo matatu: fungu lenye jina lake la watoto wa chekechea wenye ulemavu, mwalimu msaidizi na choo kinachoingilika katika nasari moja ya kila wadi kwa kuanzia, na maafikiano ya maandishi kati ya kaunti na serikali ya kitaifa kuhusu walimu wa elimu maalum. Hili la tatu si ndoto. Vifungu vya 187 na 189 vya Katiba vinaruhusu serikali hizi kushirikiana, hata moja kuikabidhi nyingine kazi, na kazi ikihamishwa pesa zake lazima ziifuate. Kifungu cha 54 kinampa mtoto wetu haki ya shule iliyo ndani ya jamii. Tena Mei 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Katibu ana nakala. Atakayeisoma kwanza airudishe.

Nawashukuru akina baba waliojiunga mwaka huu. Mlikuwa wachache mno, na mlipoanza kuja vikao vilibadilika.

Katibu anapitisha karatasi. Kila mmoja aandike wadi yake na nasari iliyo karibu naye zaidi, tupate watu wa kwenda kuonana na wawakilishi wadi kabla ya mwisho wa Agosti. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Karibu, dada.