Kihisi cha mashine kisigeuke kipimo cha fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa viwanda kuingia katika mifumo ya kidijitali. Kila unapozuka, swali huwa lile lile: je, roboti zitatunyang'anya kazi? Swali hilo ni la haki, ila lina umri mkubwa. Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ilipewa kazi ya kutoa vyuma vya moto kwenye kalibu, kazi iliyohatarisha mikono na mapafu ya watu. Simjui fundi anayetaka arudishiwe kazi ya namna hiyo.

Linaloniumiza mimi ni jingine, na halisemwi sana.

Ni fundi mitambo kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Zamani tuliijua beringi iliyoanza kuchoka kwa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye mashine na kutega sikio kwenye mpini wake. Leo kihisi kinapima mtikisiko na joto, na programu inatuonya mapema kwamba pampu fulani inaelekea kuharibika. Ni jambo jema, nalisema bila kinyongo. Mashine ikizimwa kwa mpango, hatuamshwi usiku wa manane kwenda kufungua pampu iliyopasuka.

Lakini programu ile haikuja na ujuzi wake. Mfumo ulipofungwa kazini kwetu, sisi ndio tulioufundisha kwa miezi kadhaa. King'ora kikilia tunakwenda, tunasikiliza, tunaandika kwenye kishikwambi kama kweli ni beringi au ni boliti tu imelegea. Majibu hayo, moja baada ya jingine, ndiyo yaliyoutia akili. Hakuna aliyetulipa kwa ualimu huo, wala aliyetuuliza kama tumeridhia.

Kisha kishikwambi kile kile kikaanza kuhesabu dakika zetu. Umefika saa ngapi, umetumia muda gani, mwenzako katumia muda gani. Takwimu hizo zikasomwa kwenye kikao cha tathmini, na hazikusema kwamba aliyechukua dakika 40 alikuta boliti imeshika kutu, au alikuwa akimwelekeza mwanagenzi. Haikuchukua muda tukaanza kukwepa kazi ngumu. Kaza nati, bonyeza "imekamilika", ondoka. Hata kumwelekeza kijana kukawa hasara, maana dakika zinahesabiwa kwako. Pampu ambazo kihisi kililetwa kuziokoa zikaanza kuharibika kwa sababu ya haraka zetu.

Mambo haya yana dawa, na nchi nyingine wamekwisha kuitumia. Ujerumani, iliyoutangazia ulimwengu jina la Industrie 4.0, yaani viwanda vinavyoendeshwa kwa mifumo ya kidijitali, kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, ina kinga tangu 1972: sheria yake inasema kwamba penye baraza la wafanyakazi, mwajiri hawezi kufunga chombo cha kufuatilia mwenendo au utendaji wao bila kukubaliana na baraza hilo. Viwanda vyake havikufa kwa kuwauliza wafanyakazi. Huko California, tangu Januari 1, 2022, maghala makubwa yanatakiwa kumpa mfanyakazi kwa maandishi viwango vya kazi anavyopaswa kufikia, na ni marufuku kuweka viwango vinavyomnyima muda wa kula au wa kwenda msalani. Fikiria, Mhariri: ilibidi itungwe sheria ili mtu mzima aweze kwenda haja.

Ninachotaka ni kwamba kabla kihisi cha kwanza hakijafungwa, wafanyakazi waambiwe kinapima nini, nani atazisoma takwimu na zitafutwa lini, na makubaliano yatiwe saini. Takwimu za mashine zibaki za mashine. Na anayetakiwa kujifunza mfumo mpya afundishwe ndani ya saa za kazi, si baada ya zamu akiwa hoi.

Kazini kwetu tumeandika barua kuomba hesabu ya dakika iondolewe kwenye tathmini. Mwezi wa tatu huu hatujajibiwa, na kesho asubuhi nitakishika tena kishikwambi hicho.

Fundi mitambo
(Jina limehifadhiwa)