Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Timu ya Kikapu Wanaume na Ile Nusu Mita Yetu

Ndugu wanachama, wakubwa wetu mliomaliza chuo shikamooni, na nyie wa mwaka wa kwanza mliojazana huko nyuma mkisubiria soda mambo vipi. Katiba yetu inasema mwenyekiti atoe taarifa mara moja kwa mwaka, haijasema iwe fupi, kwa hiyo vumilieni. Hesabu za pesa atasoma mweka hazina baada yangu maana mimi nikishika karatasi ya pesa mnajua kinachotokea, mwaka jana nilijumlisha nauli mara mbili watu wakataka kunipeleka kwa mlezi wa wanafunzi.

Nianze na mnalotaka kusikia. Timu ya wanaume msimu huu imeshinda mechi nyingi kuliko ilizofungwa, ila imezidi kwa moja tu, yaani ingeenda kombo nyingine moja hapa tungekuwa tunaongea mengine. Hapa nyumbani Tabora tumefungwa mara moja peke yake na hiyo nitaieleza. Ugenini ndo msiba, tumechapwa karibu kila tulipokanyaga. Na miezi yote hiyo sisi viongozi tulikuwa na sababu za kila aina, mara marefa, mara wenyeji wametulaza chumba hakina neti tukaliwa na mbu mpaka asubuhi, mara chakula kilichelewa, hadi kuna mjumbe kwenye kikao cha kamati akasema jamani tukaombewe. Kumbe tatizo lilikuwa limechorwa kwenye sementi yetu wenyewe kwa rangi nyeupe na tunalikanyaga kila jioni.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mchujo tulifanya baada ya wanafunzi wapya kuripoti, vijana wakaja wengi kuliko mipira, na kama kawaida akitokea mrefu mmoja basi uwanja mzima unapiga kelele Hasheem, Hasheem. Nawaomba tuache hii tabia. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akaenda kucheza chuo kikuu cha Connecticut huko Marekani, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ni mtu wa mita 2.21, huyu wetu ana kama mita 1.90 na viatu. Ila kitu kimoja cha Hasheem ningependa mkishike, mpira wa kikapu alianza kuugusa akiwa na miaka 15 hivi, hakuzaliwa nao. Senta wetu wa sasa, yule anayecheza karibu na ringi, alikuja hapa akiwa hajawahi kudribo, alikuwa golikipa wa shule yao huko Sikonge, na leo ndo anaongoza timu kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi.

Miezi ya mvua mazoezi yalikuwa ya kubahatisha. Mnaujua uwanja wetu, hauna paa, ile kona ya chini ya miembe ikinyesha inageuka bwawa, tunakausha kwa magunia na fagio, ukimaliza kukausha wingu hilo hapo linarudi. Na embe zikiiva ndo kabisa, zinadondoka uwanjani katikati ya mazoezi, kuna siku pointi gadi wetu, yule anayepanga mashambulizi, amekanyaga embe akateleza kama mita mbili hivi na mpira hakuuacha, kochi akasema hiyo ni safari, yaani kosa la kutembea na mpira bila kuudundisha. Sijui kama sheria inataja embe.

Sasa Kigoma. Hii safari ndo imetufungua macho kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Tulipanda treni daraja la tatu usiku, warefu wetu magoti yako kifuani, Urambo tumepita, Kaliua tumepita, Nguruka watu wakashuka kununua samaki, Uvinza tukanunua chumvi kama vile tunaenda harusini, tukaingia Kigoma tumepinda kama ndoano. Wenyeji walitupokea vizuri sana tena sana, migebuka ya kuchoma na dagaa hadi vijana wakasahau kilichowapeleka. Ila kule siyo kama huku. Tabora tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, Kigoma iko chini kandokando ya ziwa, joto la pale lina maji ndani yake, robo ya 2 tu senta wetu alikuwa ameloa kama ametoka kuoga ziwani.

Hata hivyo hadi mapumziko tulikuwa mbele. Kipindi cha pili tukabadilishana ringi kama sheria inavyotaka, jua nalo linashuka upande wa Kongo, likawa usoni kwetu moja kwa moja. Basi tukajipa sababu ya jua. Tumerusha tatu, zile shuti za mbali za pointi tatu, tumerusha tatu, hamna. Mpira unafia mbele ya ringi, mwingine haugusi hata wavu, mashabiki wa Kigoma wakaanza kuhesabu kwa sauti kila ukikosa, jamani wale watu wana roho mbaya ya kuchekesha. Tukafungwa kwa pointi 5.

Humo kwenye treni ya kurudi watu wamenuna, wengine wamelala, dada yetu anayetuandikia matokeo, huyu hapa mbele anajifanya hanisikii, akatoa daftari lake akaniambia mwenyekiti hebu angalia. Yeye kumbe kila anayekosa anaandika amekosa vipi, kushoto, kulia, juu, au fupi. Ukurasa mzima fupi. Fupi fupi fupi. Akageuza kurasa za mechi zingine za ugenini, vile vile. Akageuza za nyumbani, fupi hamna, ila wageni wetu wakija hapa wao wanakosa juu, mpira unapita ubao unaenda kwenye miembe. Akaniuliza swali moja tu, hivi uwanja wetu mlishawahi kuupima?

Hatujawahi. Toka niingie chuo hiki sijaona mtu na futi pale. Jumamosi tukaazima futi ndefu ya fundi mwashi, tukaanzia chini ya katikati ya ringi kwenda kwenye mstari wa pointi tatu, mita 6.25. Wale wazee wetu mliochora huo mstari hamkukosea, ndo ilikuwa sheria ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, enzi zenu. Sheria ilibadilika mwaka 2010 mstari ukasogezwa hadi 6.75 na sisi hakuna aliyekumbuka kubadilisha uwanja, wanakuja wanaondoka wanapaka rangi mpya juu ya mstari wa zamani, tena kwa bidii. Kwa hiyo vijana wetu mikono yao imejifunza 6.25, wanafika ugenini wanasimama nyuma ya mstari kama kawaida, mkono unatupa kwa kipimo cha nyumbani, mpira unaishia nusu mita kabla. Siyo jua, siyo mbu. Na mjumbe wetu wa maombi naye nadhani ametulia sasa.

Tulivyokuwa na futi mkononi tukasema tupime na ringi. Ya upande wa bweni iko sawa, mita 3.05. Ya upande wa jiko ilishuka vidole vitatu toka ilipochomelewa. Mtajua wenyewe kina nani huwa wanadanki, yaani kuruka na kusokomeza mpira kwenye ringi kwa mkono, upande wa jiko tu, majina sitaji, ila siku hiyo kulikuwa na ukimya.

Kuchora upya kulituchukua wikiendi mbili, ya pili kwa ujinga wangu. Nilifunga kamba kwenye msumari, chaki huku, nikazungusha nusu duara safi kabisa hadi karibu na mstari wa pembeni, kila mtu akapiga makofi, rangi ikapakwa. Kochi akaja akaangalia akasema pembeni huchori hivyo. Uwanja una upana wa mita 15, ringi iko katikati, duara la 6.75 linakuachia sentimita 75 tu kwenye kona, mtu mzima na viatu vyake anasimamaje hapo, ndo maana sheria kule pembeni inataka mstari ulionyooka sentimita 90 kutoka ukingoni. Tukasugua, tukachora tena. Rangi iliyoharibika ipo kwenye hesabu, mweka hazina ameiandika kwa jina langu, nashukuru.

Basi mechi iliyofuata hapa nyumbani ndo hiyo tuliyofungwa. Nyumbani kwetu, mbele ya wazazi! Vijana wanarusha kama wageni, hawajui wasimame wapi, mmoja akanifata mapumziko akasema mwenyekiti rudisheni mstari wetu. Kuna wanachama walinipigia simu usiku ule maneno waliyoniambia siwezi kuyasoma hapa. Ila kochi alishikilia msimamo, kila mmoja shuti 100 kwa siku nyuma ya mstari mpya, na miguu, anasema tatu inatoka magotini siyo begani. Wiki tano hivi tulikuwa hovyo, halafu mikono ikaanza kuzoea, na mechi mbili za mwisho za ugenini tumeshinda zote, ndo hizo zilizotuokoa na aibu.

Kingine kilichotugharimu ni sekunde. Vijana wanaangalia sana mechi za vyuo vya Marekani kwenye simu, kule wanaume wanacheza vipindi 2 vya dakika 20 na wana sekunde 30 za kurusha, sisi tunacheza robo 4 za dakika 10 na sekunde 24, na ukiokota ribaundi ya kushambulia baada ya mpira kugusa ringi hupewi 24 tena, unapewa 14. Pointi gadi wetu anadribo pale juu kama ana siku nzima, firimbi ikilia anashangaa. Saa ya ubaoni hatuna, tunatumia simu na mtu wa kupiga kelele, na simu yenyewe ikipigiwa katikati ya mechi inakuwa vituko. Hili naliomba kwenu mliopo makazini, siyo lazima saa kubwa, hata ndogo.

Fri throo, ile mitupo ya adhabu, sisemi. Mtaona wenyewe kwenye daftari la dada yetu, anaruhusu kuliangalia lakini msiondoke nalo.

Ada imebaki elfu 5 kwa semista na waliolipa ni pungufu ya nusu, haohao ambao hawajalipa ndo wa kwanza kuuliza mipira iko wapi. Mipira ya raba kwenye ile sementi inaisha mapema, inakuwa laini kama yai. Tumebaki na mipira minne, mmoja una uvimbe.

Mimi namaliza mwaka huu kwa hiyo uchaguzi upo baada ya soda, fomu anazo katibu. Nimependekeza kwenye kamati dada mwenye daftari agombee, yeye hajakubali, anasema atafikiria akishaona nani anabaki na funguo ya stoo.

Mwisho jezi. Seti yetu ni ile ya zamani ya namba 4 hadi 15, kwenye stoo zipo kumi na moja. Namba 9 haionekani toka turudi Kigoma, na kuna mtu ameonekana nayo sokoni akinunua mchele. Airudishe kabla ya Ijumaa, imefuliwa.