Runinga zipunguziwe fomu, wajibu ubaki palepale

Kwa Mhariri,

Wiki za mwisho za Septemba, Desemba, Machi na Juni, fundi wa kituo kidogo cha runinga hapa Mombasa huwa hapatikani. Simu hapokei, kebo iliyokatika inangoja. Ukimtafuta utamkuta chumba cha nyuma mbele ya Excel, anajaza fomu za robo mwaka. Kituo chenye wafanyakazi kumi na wawili hakina karani wa leseni, hivyo kazi hiyo humwangukia anayeijua mitambo au anayepanga ratiba ya vipindi. Wahenga wa Pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaotunga fomu hizi wangebeba kanda hilo kwa robo mwaka mmoja tu, wangejua lina mawe.

Tuseme mapema tusichokidai. Hatudai leseni zifutwe wala masharti yalegezwe. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 na kanuni za utangazaji zina kazi yake. Kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kituo kisirushe kitu kisichofaa watoto, ni haki. Kwamba asilimia 40 ya vipindi iwe ya humu nchini, ni haki. Kwamba taarifa ya habari iwe na mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi, jambo lililo katika sheria tangu 2003, ni haki ya watu ambao kwa muda mrefu walitazama midomo ikitembea bila kuambulia neno. Tatizo ni jinsi ushahidi wa kutimiza haya unavyokusanywa: kwa mkono, mara nyingi, kwa milango mingi, na mwishowe takwimu zenyewe haziaminiki.

Hesabu milango hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano, mdhibiti wetu, inataka ripoti za robo mwaka, hesabu zilizokaguliwa za kila mwaka, na tozo ya asilimia 0.5 ya mapato ghafi kwa ajili ya Hazina ya Huduma kwa Wote. Bodi ya filamu inataka vipindi viainishwe. Ofisi ya Kamishna wa Data inataka usajili uhuishwe kila baada ya miezi 24. Baraza la Vyombo vya Habari lina vitambulisho vya wanahabari vya kila mwaka. Vyama vya mirabaha vinataka orodha ya nyimbo zilizopigwa. Kaunti ina leseni yake ya biashara. Halafu yapo ya kila mwajiri: kodi ya mishahara, NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na tozo ya nyumba mapema kila mwezi, na VAT kufikia tarehe 20. Haya ya mwajiri hatuyalalamikii hapa, kila duka la Biashara Street linayo. Tunayataja kwa sababu mtu anayeyashughulikia katika kituo kidogo ni yuleyule.

Karibu kila mlango wa utangazaji huanza kwa kuuliza mambo yaleyale: jina la kampuni, wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani, namba ya mlipakodi (PIN), cheti cha kodi, CR12 (hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa). Hayajabadilika tangu robo iliyopita. Yanachapishwa, yanapigwa muhuri, yanaskaniwa na kutumwa upya. Kwa sehemu hii dawa ni rahisi na haihitaji sheria mpya. Fomu ije ikiwa imeshajazwa majibu ya mwisho, na juu yake kiwepo kisanduku kimoja: "Hakuna kilichobadilika." Ukikitia alama kwa uongo, adhabu iwepo. Taarifa za kampuni serikali inazo tayari kwa msajili wa kampuni, basi ofisi za serikali ziulizane zenyewe.

Sehemu ngumu ni vipindi, na hapo tunaomba msomaji avumilie maelezo kidogo.

Kila kituo cha kidijitali kina seva inayorusha vipindi, na seva hiyo huandika yenyewe kila ilichorusha: saa ya kuanza, muda, jina la faili. Tunaita logi. Tuseme kila nusu saa ina vipande 12, yaani kipindi chenyewe, matangazo ya biashara, promo na nembo. Siku nzima ni mistari 576, na robo ya siku 90 ni mistari 51,840. Hiyo ndiyo kweli ya kituo. Lakini fomu haiiombi. Inaomba jumla: saa ngapi za vipindi vya ndani, saa ngapi za watoto, saa ngapi za habari. Fundi sasa lazima aipunguze mistari elfu hamsini na kitu kuwa namba nne au tano kwa macho na vidole, na makosa huingilia hapo.

Kosa la kwanza ni saa yenyewe. Seva nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Filamu ya watu wazima iliyoanza 22:05, saa nne na dakika tano usiku, logi inaandika 19:05. Anayeisoma akiwa Nairobi anaona kituo kimerusha uchafu wakati watoto wako sebuleni. Hapo barua za kujieleza huanza, na majuma mawili hupotea kwa jambo ambalo lingerekebishwa kwa kubadili mpangilio mmoja.

La pili ni letu wenyewe Waswahili. Mtangazaji wa zamu huandika katika daftari "4:05 usiku" kama alivyofunzwa na mamake kusoma saa. Asubuhi karani anainakili 4:05, au akitaka kuwa mwerevu anaigeuza 16:05. Hakuna hata moja iliyo sahihi. Katika kituo chochote cha Pwani kinachotumia daftari, kosa hili utalikuta kwa wingi, na hakuna programu itakayolikamata kwa sababu zote mbili ni saa halali.

La tatu ni stima. Umeme ukikatika na betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao wa kompyuta ikiwa imekufa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani kabisa. Mtandao wa kurekebisha saa ukichelewa, una saa mbili au tatu za logi zenye tarehe ambayo kituo kilikuwa hakijaanzishwa. Betri hiyo ni bei ya vitumbua vya nyumba moja. Ibadilishwe kila mwaka kabla haijafa, na saa ya seva ifungwe kwenye saa ya mtandao.

La nne ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linawaadhibu wanaofanya vizuri. Kipindi kinachotoka kwenye faili kina jina. Kipindi cha moja kwa moja hakina: seva inaandika "LIVE 1" kwa saa mbili, basi. Mjadala wa wavuvi kutoka studio, mawaidha ya Ramadhani kabla ya kufuturu, mechi ya uwanjani, yote ni "LIVE 1". Haya ndiyo maudhui ya ndani kuliko yote, na ndiyo yanayopotea kwenye hesabu. Tamthilia ya ng'ambo iliyonunuliwa ina jina refu na namba ya sehemu, inahesabika hadi sekunde ya mwisho. Tiba ni mwendeshaji kuingiza namba ya kipindi kabla ya kubonyeza kwenda hewani. Namba hiyo iwe na maana ndani yake: N kwa cha ndani au J kwa cha nje, kisha daraja la umri, kisha namba ya maktaba, kwa mfano N-PG-0417. Kikishaandikwa hivyo mara moja, kompyuta itafanya hesabu ya robo nzima kwa muda wa kunywa kahawa chungu kikombe kimoja.

Sasa hiyo asilimia 40. Ya nini? Wiki ina saa 168. Chukua kituo chenye saa 22 za habari na saa 18 za matangazo ya biashara. Ukiyatoa hayo, zinabaki 128, na asilimia 40 yake ni saa 51.2. Kituo kilichotimiza saa hizo 51.2, mwingine akizigawanya kwa 168, kitaonekana kina asilimia 30.5 na kimevunja sharti. Kipindi hicho hicho, wiki hiyo hiyo. Ongeza suala la marudio: kipindi cha Jumanne kinachorudiwa Jumamosi kihesabiwe mara mbili? Na kipindi cha nusu saa chenye dakika sita za matangazo ni dakika 30 au 24? Fomu isiyoeleza haya kwenye ukurasa wake wa kwanza huzalisha mabishano, na kila kituo hujichagulia jibu linalokipendeza. Takwimu za namna hiyo zikijumlishwa nchi nzima hazina faida kwa mtu yeyote.

Ndiyo maana tunapendekeza kuachana na jumla za kujitangazia na kushika sampuli. Robo ikiisha, mdhibiti achague kwa kura siku saba ambazo kituo hakikuzijua kabla. Kituo kipewe siku tano za kazi kutoa logi ghafi ya siku hizo pamoja na rekodi ya video. Mdhibiti alinganishe na kile alichokirekodi mwenyewe kutoka kwenye king'amuzi cha kawaida. Kituo kikipita robo nne mfululizo bila dosari, kishuke hadi ukaguzi mmoja kwa mwaka. Kikianguka, kirudi kila robo. Atakayesema huku ni kulegeza, ajiulize kipi ni kigumu kughushi: asilimia moja iliyoandikwa kwenye kisanduku, au mistari 4,032 yenye sekunde zake na picha zake.

Kuhusu rekodi, kanuni zinataka kituo kihifadhi kilichorusha, na ni sawa, kwani bila rekodi mlalamikaji hana pa kushika. Lakini ubora wa rekodi ndio unaoamua gharama. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 900, siku ni gigabaiti 21.6, na siku 180 ni karibu terabaiti 3.9. Ukitaka megabiti 5, muda huo huo unakula terabaiti 9.7, na nakala ya pili inazidisha maradufu. Ushahidi hauhitaji ubora wa sinema. Unahitaji sauti isikike, maandishi ya chini yasomeke, mikono ya mkalimani ionekane, na saa iwe imechapwa kwenye picha. Mdhibiti akiandika kipimo hicho waziwazi, vituo havitanunua diski kwa hofu. Joto la Mombasa halizionei huruma diski zilizopangwa chumba kisicho na kipoza hewa.

Wenzetu wamejaribu. Marekani, tume yao ya mawasiliano ilihamishia mtandaoni majalada ya umma ya vituo vya runinga mwaka 2012, mwananchi akaweza kuyasoma bila kwenda kituoni. Mwaka 2017 ikaanza kupitia kanuni zake moja baada ya nyingine ikitafuta zilizopitwa na wakati. Mwaka 2019 ripoti za vipindi vya watoto zikatoka kila robo zikawa za mwaka mara moja, huku wajibu wa kurusha vipindi hivyo ukibaki. Hawakufuta kila kitu: orodha ya vipindi vinavyogusa masuala ya jamii bado huwekwa kila robo, kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Kilichofuata huko kuhusu ubora wa vipindi vya watoto ni mjadala mwingine, na si kila walichofanya tungekiiga. Tunachoiga ni desturi ya kuichukua fomu moja moja na kuuliza nani anaisoma.

Hapa kwetu zana ipo. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka kanuni yenye kuleta gharama kubwa kwa jamii iandamane na maelezo ya athari zake, wahusika washauriwe kabla, na kanuni yoyote ife yenyewe baada ya miaka 10 isipofanywa upya. Busara ya sheria hiyo ishushwe hadi kwenye fomu na waraka, kwa sababu mzigo mwingi huja kwa barua ya kurasa mbili isiyopita bungeni. Kila fomu mpya ieleze juu yake: ni ya sheria gani, itamchukua mjazaji saa ngapi, na itakoma lini.

Na ukubwa uzingatiwe. Kituo cha kitaifa kina idara ya sheria. Kituo kinachotangaza Pwani peke yake, kwa Kiswahili au Kidigo, kinatoa saa za fundi wake kutoka kwenye kamera. Fundi akikaa siku sita kila robo na fomu, ni siku 24 kwa mwaka, karibu mwezi mzima wa kazi.

Robo ijayo haijafika. Kabla ya hapo Mamlaka inaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: maofisa wake wa kanda ya Pwani waketi asubuhi moja na mafundi wa vituo, kila mmoja aje na logi yake ya siku moja kwenye flashi, wakubaliane safu zake ziwe zipi, saa iandikwe vipi, na ile asilimia 40 ihesabiwe juu ya saa zipi. Waje na maofisa wa bodi ya filamu na wa vyama vya mirabaha pia, maana logi hiyo hiyo ndiyo wanayoihitaji wote watatu.

Mafundi na wapangaji vipindi wa runinga,
Tudor, Mombasa