Uzito wa kontena utangazwe kwa ukweli

Mhariri,

Tangu tarehe 1 Julai 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unamtaka mwenye shehena athibitishe uzito wa kila kontena kabla halijapakiwa melini. Sharti hilo lina chanzo. Meli ya MSC Napoli ilipopasuka ubavuni katika dhoruba ya Januari 2007, ikapwelezwa kwa makusudi pwani ya Devon, Uingereza, makontena ya juu ya sitaha yalipimwa, na takriban asilimia 20 yakakutwa yametofautiana na nyaraka kwa zaidi ya tani 3.

Kupunguza tani mbili kwenye karatasi si ujanja mdogo wa biashara. Ofisa wa meli hupanga mazito chini na mepesi juu kwa kutegemea karatasi hizo hizo. Kontena zito likikaa juu kabisa, nguzo za lile la chini hupondeka, vyuma vya kufungia hukatika meli inapoyumba, na safu nzima huporomokea baharini au juu ya mabaharia.

Ninaziomba mamlaka za bandari za Mombasa na Dar es Salaam zipime upya, bila taarifa, makontena yanayokwenda nje, na atakayebainika amedanganya mzigo wake usipakiwe.

Msomaji wako,
Mombasa